Nimelipia, Mbona Haichezi?

Maswali ya wasomaji kuhusu makufuli ya filamu, muziki, vitabu na michezo ya kidijitali

Barua za safari hii karibu zote zinalia kilio kimoja: mtu katoa hela yake halali, kisha kifaa kinamgomea kama mwizi. Tumezifupisha, tukaacha majina ya maduka na kampuni zilizolalamikiwa. Tukisema "kufuli" tuna maana ya programu au chipu yoyote inayozuia kunakili au kuchezesha kazi iliyouzwa, hata kama kwenye boksi limeandikwa jina tamu zaidi.

SWALI: Mafundi wetu, salaam. Nina TV mpya ya 4K, kisanduku cha kustrimu cha 4K, na katikati yao amplifaya ya miaka kadhaa ambayo bado inanipa sauti nzuri. Menyu zinaonekana safi. Nikibonyeza filamu, skrini inakuwa nyeusi huku sauti ikiendelea. Siku nyingine picha inakuja halafu inakatika kila baada ya sekunde chache. Nimeuziwa waya wa HDMI wa bei mbaya, hali ni ileile. Nibadilishe TV?
– Mwenye Skrini Nyeusi

JIBU: TV iache hapo ilipo, na waya huo ungeweza kubaki dukani.

Menyu kuonekana na filamu kugoma ndiyo dalili yenyewe. Menyu haikufungwa. Filamu imefungwa kwa HDCP, kufuli lililobuniwa na Intel, ambalo hukaa ndani ya chipu za HDMI za kila kifaa na wala si ndani ya waya. Kabla picha haijatoka, kifaa kinachotuma na kinachopokea husalimiana kwa namba za siri. Katika matoleo ya kwanza ya HDCP, kila kifaa kina namba ya utambulisho ya biti 40, na ndani yake lazima ziwemo moja 20 na sifuri 20 kamili. Hesabu isipotimia, kinafukuzwa mlangoni. Baada ya hapo hukaguana tena kila fremu 128, yaani takriban kila sekunde mbili kwa picha ya fremu 60. Picha inayokatika kwa mdundo, kama mtu anayepepesa macho, mara nyingi ni ukaguzi ulioshindwa na salamu zinazoanza upya.

Sasa njoo kwenye amplifaya. Filamu za 4K hudai HDCP 2.2. Kifaa kimoja tu katikati kikiwa na 1.4, njia nzima inahesabiwa kuwa ya 1.4. Kisanduku chenye ustaarabu kitashusha picha hadi 1080p, yaani HD ya kawaida. Kisicho na ustaarabu kitakupa giza. Sauti inaendelea kwa sababu vifaa vingi huizuia picha tu.

Hakikisha hivi. Zima vyote na uchomoe kwenye umeme kwa dakika mbili, maana kuzima kwa rimoti hakufuti kumbukumbu ya salamu iliyoharibika. Toa amplifaya katikati, unganisha kisanduku moja kwa moja na TV kwa waya wako wa zamani. Washa TV kwanza, subiri picha itulie, ndipo uwashe kisanduku. Filamu ikicheza, mwenye kosa umempata. Huhitaji kumtupa: acha kisanduku kikae kwenye TV, kisha irudishe sauti kutoka TV kwenda kwenye amplifaya kupitia tundu lililoandikwa ARC au eARC, au kwa waya wa optiki kama amplifaya haina ARC. Kwa optiki utapata sauti ya kuzunguka ya kawaida, lakini Dolby Atmos, ile sauti inayotoka hadi juu ya kichwa, haitapita. Hiyo ndiyo hasara yote.

Ikiwa filamu bado inagoma hata bila amplifaya, angalia tundu. TV nyingi za mwanzo za 4K zilipewa HDCP 2.2 kwenye tundu moja au mawili tu, na maandishi yake ni madogo kwelikweli, pembeni mwa tundu au kwenye kijitabu. Usidanganywe na stika ya "HDMI 2.0": hicho ni kipimo cha upana wa njia, nacho hakisemi lolote kuhusu HDCP. Kuna pia swichi iliyofichwa kwenye mipangilio ya TV inayoruhusu 4K kamili ipite katika tundu husika. LG huiita HDMI Ultra HD Deep Color, Samsung huiita Input Signal Plus, Sony huiweka chini ya HDMI signal format. Huwashwa kwa kila tundu peke yake, na TV nyingi hutoka kiwandani ikiwa imezimwa.

Waya mbovu una dalili zake: vidoti vyeupe vinavyomeremeta kama cheche, au picha yote kupotea pamoja na menyu. Kwa 4K ya fremu 60 waya unahitaji kubeba gigabiti 18 kwa sekunde, na waya mrefu wa bei poa hushindwa hapo. Wako hauna dalili hizo.

Na kama kuna msomaji anayejaribu kupeleka filamu kwenye projekta ya zamani kwa kigeuzi cha HDMI kwenda VGA: VGA haina mahali pa kubebea salamu za HDCP, kwa hiyo slaidi za ofisini zitapita na filamu itakataa. Hata ukinunua kigeuzi cha aina nyingine, mara nyingi matokeo ni yaleyale.

Linalotukera ni kwamba ufunguo mkuu wa matoleo ya 1 ya HDCP ulivuja mwaka 2010, na Intel wenyewe walikiri kuwa ni wa kweli. Anayetaka kunakili alishapita zamani. Anayebaki akichomoa nyaya usiku ni mteja.

SWALI: Nalipia kifurushi cha juu cha filamu, lakini kwenye simu yangu picha ina ukungu, kama kanda ya video ya zamani. Intaneti yangu ina kasi. Simu ya ndugu yangu, ya bei ya chini kuliko yangu, inaonyesha vizuri kabisa. Tatizo nini?
– Wivu Umenishika

JIBU: Uliza simu yako ina Widevine ya ngazi gani. Widevine ni kufuli la Google ambalo huduma nyingi za kustrimu hulitumia kwenye Android. Ngazi ya L1 maana yake filamu hufunguliwa ndani ya sehemu ya prosesa iliyotengwa, ambako hata mfumo wa Android hauwezi kuchungulia. Ngazi ya L3 hufungua kwa programu tu, kwa hiyo wenye filamu hawaiamini, na huduma kama Netflix huipa picha ya ubora wa chini hata ukilipia kifurushi cha mfalme.

Kupima ni dakika moja. Fungua programu ya Netflix, ingia kwenye mipangilio ya programu, teremka hadi maelezo ya uchezaji. Utaona Widevine imeandikwa L1 au L3, na chini yake ubora wa juu ambao simu hiyo inaruhusiwa. Kama hutumii Netflix, zipo programu ndogo za bure kama DRM Info zinazosoma ngazi hiyo.

Ikisoma L3, jikumbushe simu ilipitia mikono ya nani. Kufungua butiloda, ile programu ya kuwasha simu ambayo mtengenezaji huifunga, huishusha simu nyingi hadi L3 palepale, na kuweka mfumo usio wa kiwandani hufanya vivyo hivyo. Nyingine hurudi L1 ukirudisha mfumo wa kiwandani na kufunga butiloda; nyingine funguo zake hufutika moja kwa moja, na hapo ni kituo cha huduma cha mtengenezaji tu kinachoweza kuziandika upya. Tahadhari: kufunga butiloda huku mfumo ndani si wa kiwandani kunaweza kuiua simu. Rudisha mfumo kwanza, hakikisha inawaka, ndipo ufunge.

Ipo pia hali ya tatu inayowachanganya mafundi: simu inasoma L1 lakini ubora bado ni wa chini. Hapo modeli yenyewe haijaidhinishwa na huduma hiyo. Hakuna utakachogusa kwenye simu kitakachobadilisha hilo. Ni sasisho la mtengenezaji au la huduma. Visanduku vya TV vya Android visivyo na jina huangukia hapahapa, hata vikiandikwa "8K" kwa herufi za dhahabu.

Mwisho, hakikisha hujawasha kibana-data ndani ya programu. Tunalisema kwa aibu kidogo, lakini mara nyingi kosa huwa hapo.

SWALI: Nilinunua (sikukodi, NILINUNUA) filamu kadhaa katika duka la mtandaoni. Mbili zimetoweka kwenye maktaba yangu. Je, wana haki hiyo? Nazirudishaje?
– Mteja wa Kweli

JIBU: Tuanze na kurudisha. Ingia kwenye duka ukiwa ndani ya akaunti ileile na uitafute filamu kwa jina. Ikionekana na bei, kuna uwezekano mtoaji amebadilika na nakala mpya imepewa namba nyingine. Maktaba yako imebaki imeshika namba iliyokufa. Hilo huduma kwa wateja huweza kulirekebisha. Isipoonekana kabisa, tazama nchi ya akaunti. Haki za filamu huuzwa nchi kwa nchi, na mtu akihamisha akaunti yake, baadhi ya manunuzi hujificha hadi nchi irudishwe. Angalia pia kama hukununua kwa barua pepe nyingine. Stakabadhi ya siku ile itakuambia.

Kama imeondolewa kweli, andika, usipige simu. Taja namba ya oda, tarehe, kiasi ulicholipa, na picha ya skrini ya stakabadhi inayoonyesha neno "nunua". Omba mambo matatu kwa mpangilio huu: filamu irudishwe, au hela irudi, au salio la dukani. Wengi huanza kwa kuomba salio, wanapewa salio dogo, na mazungumzo yanaishia hapo.

Haki? Kwenye masharti uliyobonyeza "nakubali" imeandikwa kuwa umepewa leseni ya kutazama. Duka lenyewe halina filamu, limekodi haki kwa studio, na ule mkataba ukiisha, leseni yako inaning'inia hewani. Agosti 2022 wateja wa PlayStation wa Ujerumani na Austria walipoteza filamu za Studiocanal walizokuwa wamenunua. Desemba 2023 Sony ilitangaza kuondoa vipindi vya Discovery vilivyonunuliwa, watu wakaja juu, na kabla ya mwezi kuisha ikatangaza kwamba vitabaki kwa angalau miezi 30 zaidi. Kelele husaidia, ila tazama walichopewa: miezi, tena kwa kitu kilichonunuliwa. Microsoft walipofunga duka lao la vitabu mwaka 2019 vitabu vilizimika, lakini walirudisha hela zote, na waliokuwa wameandika maelezo pembezoni mwa kurasa waliongezewa dola 25. Huo ndio mfano wa kuwatajia wenye duka lako.

Tangu tarehe 1 Januari 2025, sheria ya jimbo la California nchini Marekani inamkataza muuzaji kutumia neno "nunua" kwa kazi ya kidijitali bila kumweleza mteja waziwazi kuwa anachopata ni leseni. Haimhusu anayekupa faili la kupakua na kulitumia milele bila intaneti. Mstari huo wa sheria ndio tunaoutumia sisi kupima duka lolote, popote lilipo: je, linanipa faili, au linanipa mlango?

Jambo moja zaidi. Huduma ikitangaza kufungwa, usisubiri wiki ya mwisho. UltraViolet, iliyotunza maktaba za filamu za wateja wa maduka mbalimbali, ilifungwa tarehe 31 Julai 2019, na ushauri wao ulikuwa watu waunganishe maktaba zao na duka moja au zaidi kabla ya siku hiyo. Waliofanya hivyo waliendelea kutazama kupitia maduka hayo.

SWALI: Nimenunua kitabu cha kielektroniki. Nilichopakua ni faili la kilobaiti tatu linaloishia na ".acsm". Kisomaji changu hakilifungui. Nimeibiwa?
– Msomaji wa Usiku

JIBU: Hujaibiwa, hicho kitabu bado hakijaja. Faili la ACSM ni kama hati ya kuchukulia mzigo ghalani. Lifungue kwa programu ya kuandika maandishi na utaona maandishi matupu ya XML: namba ya muamala, jina la kitabu, na anwani ya seva ya kukichukulia. Mzigo wenyewe, EPUB au PDF iliyofungwa kwa kufuli la Adobe, hushuka pale hati hiyo inapowasilishwa kwa programu ya Adobe Digital Editions au kisomaji kinachoielewa.

Mpangilio ni muhimu kuliko kitu kingine chochote hapa. Kwanza fungua akaunti ya Adobe. Kisha sakinisha Adobe Digital Editions kwenye kompyuta, nenda kwenye menyu ya msaada, chagua kuidhinisha kompyuta, ingiza barua pepe na nenosiri. Ndipo, na si kabla ya hapo, ufungue ACSM. Ukiruka hatua ya kuidhinisha kwa kubonyeza kile kisanduku cha "bila kitambulisho", kitabu kinafungwa kwenye kompyuta hiyo moja, hakitoki.

Kitabu kikishashuka, unganisha kisomaji kwa waya wa USB. Programu itakiona upande wa kushoto na kuomba kukiidhinisha kwa akaunti ileile. Kubali, kisha buruta kitabu kutoka kwenye maktaba kwenda juu ya jina la kisomaji. Kindle haisomi kufuli la Adobe, kwa hiyo kama kisomaji chako ni Kindle, ulinunua katika duka lisilo lako. Dai hela mapema, kabla hujafungua ACSM.

Makosa mawili hujirudia. Ujumbe wenye maneno E_LIC_ALREADY_FULFILLED_BY_ANOTHER_USER maana yake hati hiyo ilishachukuliwa kwa akaunti nyingine, kwa kawaida akaunti yako ya zamani uliyoisahau au ya mtu mwingine wa nyumbani. Ujumbe wa E_ACT_TOO_MANY_ACTIVATIONS maana yake umemaliza idadi ya vifaa. Kompyuta zilizokufa bila kuondolewa idhini bado zinahesabiwa. Huduma kwa wateja ya Adobe huweza kufuta hesabu hiyo ukiwaomba. Kabla ya kumpa mtu laptopu yako ya zamani, ondoa idhini kwanza.

Wapo wachapishaji wanaouza EPUB isiyofungwa, yenye jina lako au namba ya oda iliyopigwa ndani ya kurasa tu. Hiyo haikufungi kwenye kifaa chochote, na inamtosha mwandishi kujua nakala iliyosambaa ilitoka kwa nani. Ukiwa na hiari, nunua huko. Tunasisitiza zaidi tangu tarehe 26 Februari 2025, siku Amazon ilipoondoa njia ya kupakua vitabu vya Kindle kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa USB.

SWALI: DVD niliyoagiza nje inasema msimbo wa kanda si sahihi. Kompyuta inaniuliza kama nataka kubadilisha kanda, nimebaki na mara mbili. Nibonyeze?
– Mwenye Mara Mbili

JIBU: Subiri. Kiendeshi cha DVD cha kompyuta huruhusu mabadiliko matano tu, na hesabu hiyo imeandikwa ndani ya chipu ya kiendeshi chenyewe. Kusakinisha Windows upya hakuirudishi, kukihamishia kwenye kompyuta nyingine hakuirudishi. Ya mwisho ikitumika, kanda iliyopo wakati huo inabaki humo daima. Watu huchezea, wanabadilisha kwa filamu ya Marekani, wanarudisha, wanabadilisha tena, na jioni hiyohiyo kiendeshi kimeganda.

Kanda 1 ni Marekani na Kanada, 2 ni Ulaya Magharibi na Japani pamoja na nchi nyingine, 5 ni sehemu kubwa ya Afrika, Urusi na India. Namba 0 au neno "zote" kwenye kava maana yake haina kufuli la kanda. Kama una diski nyingi za kanda mbili, nunua kiendeshi cha pili cha USB, kila kimoja ukiweke kanda yake, kisha usiguse tena. Blu-ray hutumia herufi A, B na C. Blu-ray za 4K hazina kanda kabisa, jambo jema adimu katika ukurasa huu.

SWALI: Kwa nini kwenye DVD niliyoilipia siwezi kuruka tangazo linaloniambia nisiibe filamu?
– Anon

JIBU: Kwa sababu kwenye diski kumeandikwa amri ya kuzuia rimoti wakati sehemu hiyo inacheza, na mtengenezaji wa deki alikubali kuitii alipochukua leseni. Kwenye deki kadhaa, kubonyeza SIMAMA mara mbili halafu CHEZA kunakupeleka moja kwa moja kwenye filamu. Kwenye kompyuta, VLC, programu ya bure ya kuchezesha video, haijali amri hizo. Aliyenunua diski ya bandia, bila shaka, hajawahi kuliona tangazo hilo.

SWALI: Mchezo wangu wa kompyuta wa miaka ya 2000 mwanzoni, diski halisi, haina hata mkwaruzo, haufunguki kwenye Windows 10. Diski inazunguka, kisha kimya. Kasoro ni ya kiendeshi?
– Mchezaji Mkongwe

JIBU: Ni SafeDisc, kufuli la diski za michezo, au binamu yake SecuROM. SafeDisc ilitegemea draiva (programu ndogo ya mfumo) iitwayo secdrv.sys, iliyokaa ndani kabisa ya Windows ikikagua alama maalumu kwenye diski. Draiva hiyo ikawa na tundu la kiusalama, na Microsoft ikaizima kwa sasisho la Septemba 2015 kwenye Vista, 7 na 8. Kwenye Windows 10 haikuwekwa kabisa. Kwa hiyo diski yako ni nzima na kiendeshi ni kizima. Aliyeondoka ni bawabu, na mlango aliuacha umefungwa.

Pita kwanza kwenye tovuti ya mchapishaji kutafuta sasisho la mwisho la mchezo. Baadhi yao waliondoa ukaguzi wa diski katika sasisho hilo bila kupiga mbiu. La pili, tazama GOG, duka linalouza michezo ya zamani bila kufuli na iliyorekebishwa kwa Windows mpya. Utalipa mara ya pili, ndiyo, na tunaelewa unavyojisikia. La tatu ni kompyuta kuukuu yenye Windows XP, isiyounganishwa na intaneti. Faili za "kuruka diski" kutoka tovuti zisizojulikana tunazikataa kwa sababu ya kifundi tu: ni programu unayoipa ruhusa kamili kwenye mashine yako, na hujui nani kaigusa.

SWALI: Muziki nilionunua kihalali kati ya 2005 na 2008, mafaili ya WMA, kompyuta mpya inayakataa. Na mbona muziki wa siku hizi hauna shida hiyo lakini filamu bado?
– Shabiki wa Zamani

JIBU: Mafaili yako yanaomba leseni kutoka kwa seva zilizokwisha kuzimwa. Microsoft walitangaza mwaka 2008 kuzima seva za MSN Music, wakazomewa, wakasogeza mbele hadi mwisho wa 2011. Leseni zilihifadhiwa kwenye kompyuta ya zamani, si ndani ya wimbo. Kama kompyuta hiyo bado inawaka, usisakinishe Windows upya wala usibadilishe diski yake. Fungua nyimbo humohumo, zichome kwenye CD ya sauti ya kawaida, jambo ambalo leseni nyingi za wakati ule ziliruhusu, kisha zitoe kwenye CD kuwa FLAC, aina ya faili lisilopunguza ubora wa sauti. Ubora utabaki uleule wa WMA, hautaongezeka, lakini kufuli halitakuwepo. CD moja hubeba dakika 74 hadi 80, kwa hiyo panga. Kama kompyuta imekufa na leseni hazikuhifadhiwa kando, nyimbo hizo zimekwenda.

Kuhusu filamu, muziki ulipata funzo mapema na kwa aibu. Mwaka 2005 Sony BMG iliuza CD zilizosakinisha kimyakimya kwenye Windows programu ya kujificha. Programu hiyo ilificha faili lolote ambalo jina lake lilianza na $sys$, liwe lao au la mtu mwingine, na punde waandishi wa virusi wakaanza kuyapa mafaili yao majina hayohayo wajifiche kwenye kivuli kilekile. Mtaalamu wa Windows, Mark Russinovich, aliianika hadharani tarehe 31 Oktoba 2005, na ndani ya wiki chache CD zilikuwa zinarudishwa kutoka madukani. Februari 2007 Steve Jobs, mkuu wa Apple, aliandika waraka wa wazi akitaka kufuli la muziki liondolewe, kampuni ya muziki ya EMI wakakubali Aprili mwaka huohuo, na mwaka 2009 duka la Apple la iTunes likawa linauza nyimbo bila kufuli. Studio za filamu hazijawahi kubanwa kiasi hicho na duka moja, ndiyo maana hazijalegeza.

Ila usiseme muziki wa sasa hauna kufuli. Ulionunuliwa ndio hauna. Nyimbo "ulizopakua" kwenye Spotify ni za kukodi: programu isipoingia mtandaoni angalau mara moja katika siku 30, zinanyamaza. Tarehe ya simu ikiwa imeharibika, zinaweza kunyamaza mapema zaidi, kwa hiyo anza kwa kurekebisha saa kabla ya kufuta chochote.

SWALI: Kwa kuwa ni changu, nikivunja kufuli ili nipate nakala ya akiba nyumbani, nakosea kisheria?
– Naomba Jibu Fupi

JIBU: Fupi: katika nchi nyingi, ndiyo, hata kama nakala yenyewe ingeruhusiwa. Mkataba wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu, wa 1996 uliwataka waliousaini walinde makufuli kwa sheria. Marekani ikatunga sheria ya DMCA mwaka 1998, Umoja wa Ulaya ukatoa agizo lake mwaka 2001. Sheria hizo huadhibu kitendo cha kuvunja kufuli kando kabisa na suala la kunakili. Marekani hutoa misamaha kila baada ya miaka mitatu kupitia Maktaba ya Bunge, kwa mambo kama matengenezo ya vifaa na vitabu kwa wasioona. Nchini Norway, Jon Lech Johansen alishtakiwa kwa programu ya kufungua DVD na akaachiwa huru mahakamani mwaka 2003, mara mbili, kwa hoja kwamba diski ilikuwa yake. Lakini sheria mpya ya Norway ya 2005 ilikuja kuyalinda makufuli ya aina hiyo. Soma sheria ya hakimiliki ya nchi yako, kifungu kinachotaja "hatua za kiteknolojia za ulinzi". Huwa ni kifupi, na misamaha imeorodheshwa chini yake.